Msiba wa Mtu Aliyekuwa Anaoga

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha watu wa Mwamkulu watakusimulia. Niliwahi kupita barabarani mchana kweupe, juu ya baiskeli, nimevaa gauni la marehemu mama wa mtu, kilemba kichwani, ugoro puani, na ndevu zangu zote usoni. Kabla sijafika nilikokuwa naenda, wanawake wa kisimani walikuwa wameshaanza kulia msiba. Na huyo waliyekuwa wanamlilia alikuwa mzima, amekaa nyumbani kwake, anakataa kuoga.

Ngoja nieleze, maana nikiishia hapo utadhani mgonjwa nilikuwa mimi.

Mimi ni Mfipa. Shule niliiacha darasa la tano katikati, au yenyewe ndiyo iliniacha, mpaka leo tunabishana. Miaka ile ya tisini nilikuwa nasaga kwenye mashine ya unga pale Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda mjini, na ikifika jioni nilikuwa mweupe kuliko padri wa Kizungu. Wateja wangu wengi walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Na sisi na wao ni watani. Asiyejua utani anadhani ni matusi. Mtani anaingia kwako anakamata kuku bila kuomba, anakuambia una sura ya jembe lililoisha, na wewe huruhusiwi kununa. Lakini ukipata msiba, mtani ndiye anakuja mbio. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anawagombeza watu kwa sauti ya marehemu, mpaka wafiwa wanacheka huku makamasi yanawatoka. Kwa kazi hiyo nilikuwa na jina. Cheti cha shule sina, lakini msibani nilikuwa profesa.

Kati ya Wasukuma wote nilikuwa na mmoja wangu hasa. Mtu mrefu, mkulima wa jembe la ng'ombe, sauti kama tarumbeta. Akileta mahindi kusaga lazima aanze yeye.

"We Mfipa, saga taratibu. Sitaki radi zenu za Kifipa kwenye unga wangu."

"Radi nakuwekea bure, hulipii. Wewe punguza michembe, hivyo viazi vyenu vikavu, ukipumua hapa mashine inazima."

Mdogo wake naye alikuwa anakuja, tulikuwa rika moja, rafiki yangu wa kucheza bao. Huyo alikuwa mkimya, anacheka kwa mabega tu.

Mama yao alipofariki nilifanya kazi yangu. Yule bibi aliwahi kupigwa teke na ng'ombe kwenye nyonga, akawa anatembea amelalia upande mmoja, mkono kiunoni, ugoro haukauki puani. Na watoto wakikataa kuoga alikuwa na neno lake: "Maji hayajawahi kuua Msukuma, yanamshangaza tu." Nikavaa gauni lake, nikajilaza upande, nikawapigia kelele wafiwa wote wakaoge. Yule mtani wangu alicheka mpaka akakaa chini mavumbini. Malipo yangu yakawa lile gauni, kilemba, na kopo la ugoro likiwa nusu. Mke wangu akasema nguo ya marehemu hailali chumba kimoja na yeye, nikaitundika stoo pamoja na majembe.

Haukupita muda mrefu mtani wangu akaanza mambo. Alileta debe la mahindi, akatoka kidogo kunywa togwa, akarudi anauliza nani kamwibia mahindi, na debe liko mbele ya magoti yake. Nikadhani ni utani wa mtindo mpya, nikamsifu. Siku nyingine mkewe aliniambia ng'ombe wa kulimia wamerudi nyumbani na jembe, na yeye anawafuata nyuma kama mgeni anayeonyeshwa njia. Hapo bado nilicheka. Nilipoacha kucheka ni siku alipokuja mnunuzi kutoka mjini kuangalia ng'ombe zizini, nikiwepo. Mnunuzi akamuuliza bei ya jike jekundu, lenye pembe moja imepinda kushuka chini. Mtani wangu akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Hii ng'ombe ya nani?"

Ile ng'ombe aliizalisha mwenyewe kwa mikono yake. Msukuma akichanganya majina ya watoto tunamsamehe, ana watoto wengi. Akishindwa kuitambua ng'ombe yake, ita watu.

Alikuwa hajafika hata miaka arobaini na tano.

Tukampeleka hospitali mjini, mimi, mkewe na mdogo wake. Mimi nilikuwa dereva, yaani nilimbeba kwenye keria ya baiskeli. Daktari alikuwa mtu wa taratibu. Akamuuliza huu ni mwaka gani, akajibu huu ni mwaka wa mvua nzuri. Akamuuliza Rais ni nani, akamtaja yule wa kwanza. Nikamtetea, nikasema daktari, hata mimi huyo ndiye ninayemkumbuka vizuri. Daktari hakucheka. Akageuka kwa mdogo mtu akamuuliza: "Baba yenu aliishiaje?"

Mdogo mtu akaeleza. Baba yao alianza hivi hivi, umri huu huu, akaishia kutoongea. Na baba yao mkubwa kabla yake. Nyumbani walisema ni laana, kwamba babu alikula kiapo cha uongo kwa ajili ya ng'ombe huko walikotoka.

Daktari akasema kwa lugha ambayo hata mimi wa darasa la tano katikati niliielewa. Kwamba kuna ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Wengi wanaupata uzeeni kabisa, lakini ziko familia chache unapita kwenye damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na unakuja mapema. Siyo kila mtoto anaupata, ila yeyote anaweza. Dawa ya kuuondoa hana. Akataja jina lake la Kizungu, likanipita kama treni ya mizigo isiyo na kituo kwetu. Siku hizi wajukuu wananiambia linaitwa Alzaima, na wao wananishangaa nalitamka kama jina la mchezaji mpira.

"Cha kumsaidia ni watu," daktari akasema. "Asikae peke yake, asifungwe, asibishiwe. Na huyu mama asiachiwe mzigo peke yake." Halafu akamwangalia mdogo mtu, akamuuliza kwa upole: "Na wewe una miaka mingapi?"

Rafiki yangu akavaa kofia yake akatoka.

Tulimkuta nje, kwenye vivuli vya miti ya mikrismasi, anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Huu ni uchawi," akasema. "Kuna mtu anataka ng'ombe zetu."

"Mchawi gani huyo anasubiri kila mtu afikishe umri?" nikamjibu. "Huyo siyo mchawi, ni afisa pensheni."

Hata mabega hayakutikisika. Ilinichukua muda kuelewa, mimi na kichwa changu cha pumba. Uchawi ungekuwa wa kaka yake peke yake, na una mganga wa kuutoa. Damu ilikuwa yao wote wawili.

Basi mdogo mtu akashikilia mganga. Na mganga aliyemtaka yuko mbali, njia ya kushukia ziwani, kabla hujafika Karema. Nilishapita pale nikienda kununua dagaa. Wagonjwa wa kichwa wanafungwa kamba kwenye nguzo mpaka dawa iwashike, na dawa ile ilikuwa haina haraka. Mke wa mtani wangu akakataa. Likawa shauri la ukoo. Wakaitwa wazee na shangazi yao, kikao kikapangwa Jumapili, mchana.

Ijumaa yake mkewe akaja mashineni. Hakuwa na mahindi.

"Mfipa, nisaidie."

"Sema, mke wangu." Mke wa mtani ni mke wako, kwa mdomo tu lakini.

"Leo sina utani. Jumapili wanakuja. Shemeji yangu ameshaandaa mkokoteni. Wakimkuta vile alivyo watasema nimeshindwa, na Jumatatu yuko kwenye kamba."

Nilijua alivyo. Alikuwa hajagusa maji toka mahindi yakiwa mabichi mpaka yamekauka shambani. Mkewe akisogea na ndoo anamfukuza na fimbo, kwamba huyu mwanamke mgeni anataka kumvua nguo. Kila jua likiteremka anakaa mlango wa zizi, anamsubiri mama yake.

"Mimi niwaambie nini wazee wenu? Mimi Mfipa."

"Usiwaambie kitu. Mwogeshe tu. Anamtaka mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Mayu wake tulimzika."

"Tulimzika," akasema, "lakini gauni unalo wewe."

Nikabaki nimeshika ufagio wa mashine. Nimefanya ujinga mwingi maishani, lakini mwingi nilijitungia mwenyewe. Huu niliagizwa.

Jumapili nikavalia nyumbani. Hilo ndilo kosa. Niliwaza nikienda na suruali nikabadilishie kule, ataniona Mfipa anageuka mama yake, na hata mgonjwa ana akili ya kukataa hilo. Nikavuta ugoro nikapiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Mke wangu aliniangalia toka juu mpaka chini.

"Ukikutana na mtu ninayemjua," akasema, "mimi siyo mkeo."

Njiani nikawa najizoeza sauti. Gauni likanaswa na mnyororo, nikashuka, nikalichomoa, nikapanda tena nimelikunja mpaka magotini. Nikapita kisimani. Wanawake walikuwa wengi, siku yenyewe Jumapili.

Sasa jiweke wewe kisimani. Unamjua msaga unga. Unajua huyu akivaa nguo za marehemu, kuna msiba, hajawahi kuzivaa kwa sababu nyingine. Unajua gauni lile ni la ukoo upi. Unajua kwenye ukoo ule kuna mgonjwa. Na mtu anakanyaga baiskeli mbio kuelekea huko huko. Ungefikiri nini?

Mama mmoja akatua ndoo. Mwingine akashika kichwa. Nikasikia nyuma yangu: "Uwiiii! Amekufa! Ameenda!"

Nikageuka niseme hajafa. Lakini sauti nilikuwa nimeshaiweka ya marehemu, na ndiyo iliyotoka: "Hajafa jamani, hajafa!" Kusikia vile, yule bibi tuliyemzika anawapigia kelele toka kwenye baiskeli, wakalia mara mbili. Nikaona nikirudi kueleza nitaharibu zaidi. Nikakanyaga.

Mtani wangu alikuwa mlango wa zizi. Nikaegemeza baiskeli mbali, nikajilaza upande, mkono kiunoni, nikaenda. Hakuniangalia usoni kwanza. Alinusa. Nadhani ulikuwa ni ule ugoro, gauni lilikuwa mapambo tu.

"Mayu," akasema. "Umechelewa."

"Njia mbaya, mwanangu. Haya inuka, uoge. Maji hayajawahi kuua Msukuma."

"Yanamshangaza tu," akamalizia yeye. Na akainuka.

Bafu lao lilikuwa la mabua ya mahindi, mkewe alishaweka maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Akainua mikono mwenyewe nimvue shati. Nikamsugua. Mtu mzima yule, mgongo kama mlango, ametulia kabisa. Mara akanikazia macho.

"Mayu, mbona una ndevu?"

"Uzee, mwanangu."

"Pole," akasema, kwa huruma kabisa. Nje ya mabua nikasikia mkewe anajibana kucheka.

Nikamwagia maji. Akafumba macho, halafu akasema kama anayetoa siri:

"Mayu, kuna mama mmoja yuko hapa nyumbani. Sijui katokea wapi. Ananipikia. Ni mpole, usimfukuze."

Kile kicheko cha nje kikakatika. Nikasikia ndoo inawekwa chini. Sikuchungulia. Nikaendelea kusugua kisigino, maana visigino vilikuwa na kazi.

Ndipo msiba ukaingia.

Walianza kuingia wanawake wa kisimani, wametanda kanga, kuni kichwani, unga kwenye mabeseni, mikeka kwapani. Nyuma yao wazee wa kikao, walikutana nao barabarani wakapewa habari. Shangazi yao, bibi mkavu mwenye sauti, akajitupa katikati ya uwanja akagaragara. Na mdogo mtu, rafiki yangu, aliacha mkokoteni njiani, akaja akapiga magoti chini, anaita, "Kaka yangu! Kaka yangu mimi!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile, wala kabla wala baadaye.

Mimi niko ndani ya mabua na sabuni mkononi. Mtani wangu akasema, "Mayu, kuna wageni." Hata siku zile alikuwa na adabu. Nikamfunga shuka safi, mkewe akapitisha mafuta kwa juu ya ukuta, nikampaka, nikamshika mkono, tukatoka.

Kelele zikakatika kama mashine iliyoishiwa dizeli.

"Karibuni," akasema mtani wangu, ananukia, anang'aa. "Kafa nani?"

Shangazi akainua uso toka chini, mdomo mzima vumbi.

"Nani kanilisha mchanga hivi?"

Macho yote yakaja kwangu. Na mimi siwezi kuacha sauti, mwanangu kanishika mkono. Nikasema: "Karibu, wifi yangu."

"Asante, wi..." akaitikia kwa mazoea, halafu akazinduka. "Mjinga wewe! Mfipa mwenye laana! Machozi yangu nani atanirudishia?"

Mtu mmoja akacheka. Sijui nani, nasikia bado wanasukumiana. Wakacheka wote, isipokuwa rafiki yangu, ambaye bado alikuwa kwenye magoti anamwangalia kaka yake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakizika.

Kikao kikafanyika hapo hapo, waombolezaji wakiwepo, maana hakuna aliyekubali kuondoka. Mgonjwa akakalishwa mkekani, akapewa uji, akanywa. Mzee mmoja akauliza mkokoteni uko wapi. Mdogo mtu akasema uko barabarani, tayari. Akasema hata kaka akiwa msafi, uchawi hauogeshwi.

Shangazi alikuwa anajifuta mchanga kwenye meno.

"Nilikuwa na kaka wawili," akasema. "Wote waliishia hivi. Wote tuliwapeleka kwa waganga. Baba yako wewe alirudi na alama za kamba hapa na hapa, na alikufa anaamini sisi ndiyo tuliomfunga. Na ni kweli, ni sisi. Ng'ombe walikwenda, ugonjwa ukabaki. Sasa wewe unataka nini? Unataka apone, au unataka iwe siyo damu?"

Mdogo mtu akainamisha kichwa. Hakuna aliyemcheka, hata mimi nilishika mdomo wangu, na huo ni mzigo.

Shangazi akageukia wanawake. "Nyie, kuni mlizoleta mtarudi nazo?"

Wakatazamana. Kwetu pale kuni za msiba hazirudishwi nyumbani, mwenye kuzirudisha anajibebea kifo. Unga nao vile vile.

"Basi zimefika," shangazi akasema. "Mtu akifa mnakuja mnakaa, mnapika, mwenye nyumba analala usingizi. Huyu mmekuja mapema, basi kaeni. Mke wake hajalala toka lini? Kamba hakuna hapa."

Ndivyo tukawa na matanga ya mtu anayekunywa uji. Wanawake walikaa mpaka kuni zikaisha, mkewe akalala mchana kutwa kwenye mkeka, na kuni zilipoisha walikuwa wamezoea, wakaanza kupokezana, leo huyu kesho yule. Wazee wakampa mdogo mtu kazi ya kutembea na kaka yake kila jioni kwenda kuangalia ng'ombe, maana mgonjwa alikuwa hawajui tena ila alipenda kuwashika. Mimi Jumapili nikawa naenda na gauni, sasa kwenye mfuko. Uzoefu ulionyesha kwamba ugoro ulitosha. Baadaye mama naye akamtoka kichwani, akawa anaogeshwa na yeyote mwenye sauti ya polepole. Alikufa nyumbani kwake, mwaka wa zile mvua kubwa za Elinino, mikono yake haina alama. Wanawake walipoanza kulia safari hiyo, nusu ya mtaa walikuja kwanza mashineni kuhakikisha nimevaa nini.

Lakini mdogo mtu alinijia mapema, wiki ile ile ya kikao. Nilikuwa nafunga mashine. Hakuwa na mahindi, wala bao hakulitaja. Akakaa juu ya gunia la pumba, akaokota punje moja moja chini, akazitia mfukoni kama ana kuku wa kuwapelekea.

"Afisa pensheni," akasema, na mabega yakatikisika kidogo.

"Nisamehe bwana, ule ulikuwa mdomo tu."

"Aa. Hata mimi nimemwona huyo afisa." Akasimama, akajikung'uta unga matakoni, akafika mlangoni ndipo akageuka. "Siku na mimi nikiuliza hii ng'ombe ya nani, usimsikilize mtu mwingine. Uje uniogeshe. Ila kwanza unyoe hizo ndevu, Mfipa. Mama yetu alikuwa mzuri, usituaibishe."